Kwa Mama Mukubwa Vero, Waliyemwita Ekomba

Mama Mukubwa,

Najua barua haifiki huko uliko. Lakini tangu nitoke hospitali nimekuwa nikiongea na wewe peke yangu, nikiwa nafua, nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi, mpaka Faustin mume wangu ananiuliza ninasema na nani. Ndiyo maana nimeona niandike. Na barua hii sitaifunga. Anayetaka kuisoma aisome, hasa wale waliokuwa wakinyamaza ghafla ulipopita.

Wasiokujua wajue hivi. Ulikuwa dada mkubwa wa mama yangu mzazi, mtoto wa watu wa mto kule Yanonge. Uliolewa hapa Kisangani na Papa Amisi, fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka Maniema. Yeye alikwenda msikitini Ijumaa, wewe ukaenda misa Jumapili, na sijawahi kusikia mkigombana kwa sababu hiyo. Mligombana kwa mambo mengine, kama watu wote.

Mama alinituma kwako nikiwa wa umri wa kuanza shule. Alinipandisha kwenye boti pamoja na kuku wawili wamefungwa miguu, akamwomba mwenye boti aniangalie njiani. Ulinipokea biichi, pale boti zinaposhusha mizigo. Uliwaangalia kuku, ukaniangalia mimi, ukasema huyu wa tatu ndiye mwembamba kupita wote, itabidi tumnenepeshe kwanza. Nililia, nikifikiri mtanichinja. Ulicheka ukakaa chini kwenye mchanga, na kitenge chako kizuri, ukanipakata hapohapo mbele ya wapakuzi wa mizigo.

Hakuna aliyeniambia kwa nini nilitolewa nyumbani. Nilikuja kuelewa polepole, kama watoto wanavyoelewa mambo. Katika ukoo wetu, dada akikaa kwenye ndoa bila mtoto, mdogo wake humpa mmoja, ili nyumba isiwe kimya. Mimi ndiye nilikuwa wa kuondoa kimya.

Nyumba yako haikuwa na kimya hata kabla yangu. Uliuza samaki wa moshi kwenye soko kubwa, ukawajibu wateja kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa lugha ya kwenu ya mto, kufuatana na mtu alivyofungua kinywa. Radio ndogo ulikuwa umeiweka nyuma ya meza, na kukiwa na mechi uliwasahau wateja kabisa. Uliwatukana makipa. Mtu akikuuliza bei wakati timu yako inapiga penalti, ulimwonyesha kidole angojee. Jumapili ulitwanga lituma, ndizi na muhogo pamoja, na mimi nilikaa karibu na kinu kwa sababu ulipenda kuninyofolea donge la kwanza likiwa bado la moto na kunitia mdomoni.

Ndivyo nilivyokujua, siku ambazo ulikuwa mzima. Siku nyingine zilikuwa zako na tumbo lako.

Kila mwezi zilirudi. Uliziita mgeni. Ulisema tu, mgeni wangu amefika, na mimi nilijua la kufanya: kuwasha makaa, kupasha tofali moto, kulifunga kwenye kitambaa kinene na kukuletea. Ulililalia kwa tumbo, chini kwenye sementi, uso umegeukia ukuta. Sauti uliyotoa nilikuwa siijui kwa mtu mwingine yeyote. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayebeba mzigo na kupanda ngazi. Halafu asubuhi ulijifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine kwa sababu ya damu, ukaenda sokoni. Uliuza samaki umejikunja kwenye kigoda. Wateja walipouliza ulisema ni malaria. Watu wa soko walizoea kwamba Mama Vero ana malaria isiyoisha.

Ulikwenda kutafuta dawa, hakuna anayeweza kusema hukutafuta. Zahanati ya kwanza walisema ni minyoo. Ya pili walisema kizazi ni kichafu, wakakisafisha, ukarudi nyumbani kwa toleka, umekaa ubavu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na midomo yako imekuwa ya majivu. Nyumba ya maombi walikufungisha bila kula, wakasema una mume wa rohoni anayekula mimba zako. Mama mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, alikupiga bomba la mizizi na pilipili, dawa ya kuingizwa kwa nyuma, ukashinda kutwa nzima nyuma ya nyumba ukitetemeka. Nilikuletea maji. Uliniambia nirudi ndani, haya si ya kuangaliwa na mtoto.

Na Bibi Zaina, mama yake Papa Amisi, aliyekaa nyumba ya pili katika parselle ileile, kiwanja chenu cha Kabondo, alikuwa na maelezo yake. Hakuyasema mbele yako. Aliyasema akiwa anachambua mchele, kwa sauti ambayo ilifika jikoni kwako bila shida. Kwamba wasichana wa mtoni huanza mapema. Kwamba kuna mimba uliyoitoa ukiwa msichana na sasa kizazi kinalipiza. Kwamba mwanawe amelisha ekomba miaka hii yote. Neno hilo la Lingala, la mwanamke asiyezaa, ndilo neno la kwanza nililolijua kwa maana yake kamili, kabla hata sijajua kuliandika.

Nakumbuka siku uliyopika ukiwa unalisikia. Ulikoroga sombe, yale majani ya muhogo, taratibu, ukaongeza chumvi, ukaonja. Kisha ukaniambia nimpelekee Bibi sahani yake, na nichague kipande kizuri cha samaki.

Papa Amisi aliposhauriwa kuoa mke wa pili, alikaa muda mrefu bila kujibu. Hilo nalikumbuka na nataka liandikwe. Mwishowe alioa. Mama Salima aliingia katika chumba kilichojengwa upande wa pili wa parselle, msichana mpole, mwoga, akazaa upesi, akazaa tena. Uliwaogesha watoto wake. Uliwasuka nywele mabinti. Watu wakasema angalia Vero alivyo na moyo, na wengine wakasema angalia anavyowataka watoto wa mwenzake, wawe macho.

Nilipovunja ungo, nilikuja kukwambia nikiwa na aibu, na ulifurahi, ulinifundisha namna ya kukunja kitambaa. Lakini miezi michache baadaye nilikukuta jikoni nikakwambia tumbo linanichoma mpaka mgongoni na nimetapika shuleni. Uliweka mwiko chini. Uliniangalia kwa namna ambayo hukuwahi kuniangalia. Ulinishika mabega, ukaniuliza inauma wapi, nikaonyesha, na machozi yakakutoka bila uso wako kubadilika.

"Usiseme kwa mutu," uliniambia. "Hata kwa mama yako."

Sasa naelewa. Hukuwa unaficha ugonjwa. Ulikuwa unanificha mimi, ili lile neno lisinipate mapema.

Nilikuwa nimeingia chuo cha ualimu mwaka wa kifo chako. Maumivu yalikuja nje ya siku zake. Tumbo lilivimba, hukuweza kwenda haja, ulitapika maji ya kijani. Nilirudi nikakukuta sakafuni kama kawaida yako, na tofali lilikuwa limepashwa na mtoto wa Mama Salima. Kila mtu nyumbani aliendelea na kazi zake. Si kwa ubaya. Walikuwa wamezoea kukuona sakafuni. Na wewe mwenyewe uliwaambia hivyohivyo, ni mgeni wangu, atapita. Ni Papa Amisi aliyekugusa paji la uso na kusema hapana, hii si ile, twende. Walikubeba.

Daktari aliyekupasua alitoka amechoka, na barakoa yake chini ya kidevu. Alisema utumbo ulikuwa umenaswa, umeshikamana na kizazi na kila kitu kilicho karibu nacho, kama vitu vilivyotiwa gundi, na ni ugonjwa wa zamani sana. Papa aliuliza ugonjwa gani. Daktari alisema neno la Kifaransa, refu, na mle kwenye kolido hakuna kati yetu aliyelishika. Tulisikia tu kwamba tumechelewa. Uliishi mpaka kesho yake. Ulinishika mkono lakini hukuwa na nguvu ya kusema.

Msibani walisema hukuacha mtu. Mwanamume wa ukoo alisimama kusoma maisha yako, kama inavyofanywa, na alipofika kwenye watoto alisema Mungu hakumjalia, akapita. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele, nimenyolewa kichwa.

Mama Mukubwa, sasa nije kwenye lile linalonifanya niandike.

Niliolewa na Faustin, mwalimu mwenzangu, na tukakaa bila mtoto. Mimba moja ilishika, ikatoka kabla haijaonekana. Maumivu yangu yalikuwa yamekua pamoja nami. Nilikuwa nafundisha nimeegemea meza, nikiwaandikisha watoto imla ili nisisimame ubaoni. Mwishowe Faustin alisikia kwamba kuna daktari mwanamke, kijana, aliyesomea mambo ya wanawake Kinshasa, akarudi hapa. Tulikwenda nikiwa sitegemei kitu.

Yeye hakusema ni minyoo. Alinipiga ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo, akanionyesha kwenye kioo uvimbe mweusi juu ya yai la kushoto, yaani ile sehemu inayotengeneza mayai, akasema mle ndani ni damu ya zamani iliyokosa pa kutokea. Alinipasua akautoa, akakwangua alipoweza. Nilipopata nguvu ya kukaa, alivuta kiti akanieleza, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nilimwomba anieleze kama anavyoeleza darasani. Nataka nikueleze na wewe, kwa sababu ulikuwa na haki ya kuelezwa zamani.

Ugonjwa unaitwa endometriozi. Ndani ya kizazi kuna utando laini ambao kila mwezi hukua ili kupokea mimba, na mimba isipokuja, hutoka kama damu. Kwa mwenye ugonjwa huu, utando unaofanana na huo huota mahali usipotakiwa: nyuma ya kizazi, kwenye mirija, kwenye mayai, hata juu ya utumbo. Na huko nako huvuja damu kila mwezi, ndani kwa ndani. Mwili hupigana nayo, panavimba, panafanya makovu, na makovu huunganisha vitu ambavyo vilipaswa kuteleza kila kimoja peke yake.

Nilimuuliza kwa nini basi unazuia mimba. Akasema mwili huongozwa na homoni, ambazo husafiri katika damu zikibeba amri. Moja, estrojeni, huuambia utando ukue. Nyingine, projesteroni, huja baadaye na kuuambia basi, acha kukua, tulia, jitayarishe kupokea. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, utando hausikii vizuri amri hiyo ya pili. Projesteroni iko, inafika, lakini pale inapofika hakuna anayeipokea kama inavyotakiwa. Na yale madonda ya nje hujitengenezea estrojeni yao wenyewe, yakajilisha. Kwa hiyo kizazi kinabaki kimewaka wakati kinapaswa kutulia. Mimba ikija inakuta hapajatayarishwa. Wakati mwingine haiji kabisa, kwa sababu njia imezibwa na makovu. Akaongeza kwamba si wote, wengi wanazaa, na sayansi yenyewe bado haijui kila kitu kuhusu hilo.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anaangalia jeraha langu, kwamba hautokani na kutoa mimba wala na uchawi, wala si adhabu ya kitu chochote. Mara nyingi unafuata ukoo.

Nilimwambia habari zako. Zote: sementi, vitenge viwili, bomba, utumbo. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hawezi kuapa, kwa sababu hakukuona na hajasoma alichoandika yule aliyekupasua. Lakini alisema kama ningekuwa nimemweleza mgonjwa aliye hai, angeanza kufikiria jambo hilohilo kabla ya jingine lolote.

Nilimuuliza kama ungepona. Akasema kupona kabisa si neno la ugonjwa huu. Lakini kuna vidonge vinavyofanya kazi ya projesteroni, vinautuliza utando usiamke kila mwezi, na havikuanza jana. Nililia kwa hilo kuliko kwa uvimbe wangu. Miaka yote ile ya pilipili na mizizi, na kulikuwa na kidonge.

Papa Amisi alikuja kuniona nikiwa bado wodini. Amezeeka, Mama Mukubwa. Miguu inamsumbua, cherehani sasa anaendesha mwanawe. Aliniletea ndizi mbivu na supu ya kuku iliyopikwa na Mama Salima, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia yake mapajani. Aliniuliza nilipasuliwa nini. Nilimwambia yote kama daktari alivyoniambia, na jina lenyewe nikalitaja polepole. Alipolisikia alilirudia. Nadhani alilikumbuka kutoka kolido ile.

"Donc, kumbe ile ya mama yako Vero ilikuwa hii," alisema.

Nilimwambia daktari hawezi kuapa, lakini ndiyo, anafikiri hivyo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Siku ile walipokuwa wanakusukuma kwenda kupasuliwa, uliwaambia wasimame. Ulimshika shati, ukamwomba msamaha kwa sababu hukumzalia.

"Nikamwambia nimekusamehe, Vero. Aliniangalia vizuri, akaachia shati, wakamuingiza." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Sasa wewe iko mwalimu. Uniambie. Nilimusamehe kosa gani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amegeukia upande mwingine ili asituangalie. Papa Amisi hakulia. Alisema tu kwamba alidhani amekupa kitu kizuri cha kwenda nacho, na kumbe alikuacha uende ukiamini una deni. Kisha akavaa kofia, akasema nikitoka nipite Kabondo, kuna mtu anayepaswa kusikia haya, na hawezi kumwambia peke yake.

Nilikwenda nilipoweza kutembea bila kujishika. Bibi Zaina yuko hai. Macho yamekwisha karibu yote, anawajua watu kwa sauti, lakini bado anachambua mchele, kwa vidole. Papa Amisi alikaa pembeni yake, akaniambia niseme. Nilisema kwa heshima, sikuongeza kitu na sikupunguza. Nilisema kwamba ugonjwa huu hautokani na kutoa mimba. Nilisema kwamba, kwa anavyofikiri daktari, ulikuwa mgonjwa tangu msichana, kwamba ugonjwa ndio uliokuzuia kuzaa na ndio uliokuua, na kwamba mimi pia ninao, kwa sababu uko katika damu yetu, si katika mwenendo wetu. Mama Salima alikuwa anafua karibu na mlango. Aliacha kufua.

Nilijitayarisha kwa ubishi. Njiani nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumjibu. Bibi hakubisha. Vidole vyake vilisimama kwenye mchele.

"Maneno yangu aliyasikia yote," alisema. "Nilikuwa nayasema ili ayasikie. Sasa nikisema mengine, hayuko wa kuyasikia."

Papa Amisi aliangalia chini. Nilitaka kufurahi, Mama Mukubwa. Nilikuwa nimengoja tangu utoto kumwona mama huyu akose la kusema. Haikuja furaha yoyote. Alikuwa kizee tu, kipofu, na ungo wake magotini.

Halafu akaniita kwa jina, akasema niingie chumba cha nyuma nimwangalie mtoto. Mama Salima alisema haraka kwamba hapana, mtoto amelala, ana malaria. Bibi akamwambia kwa upole kwamba yeye haoni lakini anasikia, na mwezi uliopita alisikia sauti ile, na mwezi wa nyuma yake.

Niliingia. Aziza, binti mdogo wa Mama Salima, alikuwa chini kwenye sementi, kwa tumbo, uso umegeukia ukuta. Nilisimama mlangoni nikashika fremu. Yeye si damu yetu, hakuna ukoo uliomletea. Ugonjwa huu hauulizi watu wametoka Yanonge au Maniema.

Mama Salima alikuja nyuma yangu akanong'ona kwamba aliogopa. Aliogopa wakisikia majirani hakuna atakayemuoa. Alikuwa anampa mizizi. Nilimwambia sikuja kumlaumu. Nilimwambia kuna daktari, na kwamba twende sisi watatu, na hakuna atakayejua tulikokwenda kama hataki. Alikubali kwa kutikisa kichwa, huku anafuta sabuni mikononi kwenye kitenge.

Tulikwenda juma lililofuata. Daktari alipouliza, Mama Salima ndiye aliyekuwa anajibu, kama tulivyozoea wote, mama anajibu na mtoto anaangalia miguu. Daktari alimwacha kidogo, kisha akageuza kiti chake kabisa, akamtazama msichana.

"Aziza, wewe. Inakuumaka namna gani?"

Aziza aliniangalia mimi kwanza. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo, na baadaye hakunyamaza. Alisema inaanza mgongoni, inashuka kwenye mapaja, kwamba inamchoma hata akienda haja, kwamba aliacha kwenda shule siku zile na kujificha kwa rafiki ili asiulizwe, kwamba alifikiri anakufa na kwamba wengine wanajua ila hawamwambii. Mama yake alikuwa anasikia yote hayo kwa mara ya kwanza. Alifunika mdomo kwa mkono. Daktari aliandika, akauliza tena, akangoja tena. Alisema wasichana huumwa kwa sababu nyingi na bado hawezi kusema ni ile, lakini maumivu ya kumwangusha mtu chini si kitu cha kuzoewa. Alimpa vidonge vya kuanzia, akampangia kurudi.

Amesharudi mara moja. Mwezi huu hakulala chini. Mama Salima alinipigia simu kuniambia, na kwa sababu hatukuwa na maneno ya kuambiana, alinieleza walichopika.

Mimi je? Utaniuliza, nakujua. Daktari alitupa muda wa kujaribu, kabla madonda hayajarudi. Tunajaribu. Jana damu ilikuja tena. Faustin aliona uso wangu akaelewa, akachukua ufagio akafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Labda nitazaa. Labda sitazaa, na nitakuwa mama mukubwa wa watoto wa wengine kama wewe, na hilo siliogopi sana tena, kwa sababu najua mtu anaweza kupendwa kiasi gani na mwanamke asiyemzaa. Ninachokiomboleza ni kingine. Nikilala nafikiria ulivyomshika Papa shati. Nafikiria kwamba pumzi zako za mwisho za kusema ulizitumia kuomba radhi, wewe uliyekuwa mgonjwa, kwa watu waliokuwa wazima.

Hukumkosea mtu, Mama Mukubwa. Papa Amisi amenituma niandike hivyo, kwa mkono wangu, kwa sababu yeye hakusoma. Amesema nikiandika, niandike kwamba anarudisha msamaha ule, haukuwa wa kutolewa, na kwamba ni yeye anayeomba.

Nimeandika. Pumzika sasa, na tumbo lako lipumzike.

Mtoto wako, yule ambaye msibani hawakumhesabu.